Majina Matatu ya Uongo

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nyuma ya nyumba, nagombana na gunia la nguo kuukuu. Lilikuwa limenasa kwenye msumari wa mlango wa banda, mvua ya rasharasha inanyesha, na wageni sita wananisubiri barabarani na viatu vyao vipya vya kutembelea matopeni. Ilikuwa tarehe thelathini na moja Oktoba. Kwetu Derrylough, huku Mayo, mashambani mbali na Dublin, saa hizo giza huwa limeshabisha hodi.

"Waambie warudi kwao," Mama alisema kutoka dirishani.

"Wametoka mbali, Mama."

"Hata wafu hutoka mbali. Tofauti ni kwamba hao tunawajua."

Huyo ndiye mama yangu, miaka sabini na minane, na ulimi haujazeeka hata siku moja. Nilimwambia awashe moto mkubwa, akate mkate, na aache maneno. Sisi ndio tungekuwa nyumba ya mwisho.

Matembezi haya niliyabuni mimi. Kiwanda cha sweta kilipofungwa nilikaa miezi minne natazama dari, kisha nikawaza: watu wa mjini wamechoka na maboga ya plastiki, wamechoka na nyumba za kuogofya ambamo mtu mwenye msumeno anakukimbiza mpaka kwenye duka la zawadi. Waje kwetu. Waone usiku wa Samhain, ambao dunia siku hizi inauita Halloween, unavyokuwa kwa wenyewe.

Usiku huo tunafunika nyuso kwa foronya au kipande cha pazia. Wanaume wanavaa magauni ya shangazi zao, wanawake makoti ya baba zao, halafu tunapita nyumba kwa nyumba bila kusema neno. Unaingia bila kubisha hodi, unakaa kwenye benchi karibu na moto. Wenye nyumba wana nafasi tatu za kukutaja jina. Wakipatia, unafunua uso, unapewa mkate wa zabibu na chai. Wakikosa mara tatu, unainuka, unatoka kama ulivyoingia, na hakuna ruhusa ya kukufuata. Wazee wanasema tunajifunika ili wafu wanaorudi makwao usiku huo waweze kukaa kati yetu bila kuona haya. Mimi nilisema ni mchezo mzuri na wageni wataupenda.

Tatizo lilikuwa moja: nani Derrylough angeweza kumtaja jina mgeni aliyetoka Uholanzi? Basi nikaandika majina sita kwenye karatasi, nikagawa nakala kwenye nyumba tatu. Kwa akina Tansey, kwa mzee Hession, na kwetu. Ulikuwa udanganyifu mdogo tu, wa kuwafurahisha watu.

Tukaanza safari. Nilitangulia na kandili, nao nyuma wakikanyagana magauni na kujizuia kucheka. Pande zote mbili za barabara ni kinamasi kitupu, ambako tunachimba mboji, tunaianika, tunaiwasha badala ya kuni. Mvua ikinyesha, mashimo ya zamani yanajaa maji meusi na huwezi kujua yapo wapi mpaka uwe ndani yake.

Kwa akina Tansey nilisimama mlangoni, nikahesabu wanavyoingia. Mmoja. Wawili. Wim na mkewe Hanneke, Waholanzi, walishikana mikono. Manesi wawili kutoka Dublin. Baba mmoja na binti yake mtu mzima.

Na mwingine.

Nikahesabu tena kwa macho, benchi zima. Saba.

Huyo wa saba alikaa mwisho, karibu na mlango. Gauni la maua madogo ya bluu, foronya kichwani, mguu mmoja na buti na mwingine na soksi. Nikajua ni Cathal, mtoto wa akina Tansey, mtu mzima na ndevu zake lakini mtani kupita kiasi. Nikacheka moyoni.

Tansey alishika karatasi kama padri anayesoma matangazo. "Wewe mwenye koti la kijani, usijisumbue kujificha. Tumbo hilo limelelewa kwa jibini. Wim!"

Kicheko. Wim akafunua uso, mwekundu kwa furaha. Akataja na wengine mpaka sita wakaisha. Kisha Tansey akageuza karatasi, akatazama nyuma yake.

"Attracta, mbona umeniandikia pungufu?"

"Huyo si wangu, ni wenu," nikasema. "Cathal, toka humo."

"Cathal yuko Galway tangu jana," alisema mke wa Tansey.

Wa saba akatikisa kichwa. Polepole… kushoto… kulia. Hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza.

Tansey akamtaja mpeleka barua. Kichwa kikatikisika. Akamtaja yule mjane wa kisimani. Kichwa kikatikisika. Katika ule ukimya nikasikia kitu ambacho nadhani kilikuwepo tangu mwanzo.

Tone… tone… tone.

Kiumbe yule akainuka akatoka. Pale alipokuwa amekaa palibaki dimbwi jeusi. Mke wa Tansey akalipangusa kwa kitambaa, akakinusa, na uso wake ukabadilika.

"Huyu umemtoa wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mtu anatutania tu, Mama Cathal."

"Nusa."

Nikanusa. Mboji mbichi, ile ya chini kabisa, ambayo haijaona jua tangu dunia ianze. Alitupa kitambaa motoni na hakutusindikiza mlangoni, yeye ambaye huwa anasindikiza hata kuku.

Barabarani, wa saba alikuwa ametangulia mbele, nje kidogo ya mwanga wa kandili. Wageni walikuwa wamefurahi kupita kiasi.

"Mwigizaji wako ni hodari sana," Wim alininong'oneza.

"Kimya, Wim. Ni sheria."

Lakini nilikuwa namtazama anavyotembea. Mguu wa kushoto aliuburuta hatua mbili, kisha akauinua ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba anao. Hatua mbili za kuburuta, moja ya kuinua. Duniani nilimjua mtu mmoja tu anayetembea hivyo. Alianguka kutoka kwenye trekta akiwa na miaka kumi na mmoja, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka nyumbani.

Mdogo wangu Malachy. Na gauni lile lilikuwa la Mama.

Jambo hili sikuwahi kumwambia mtu. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui.

Miaka saba kabla ya usiku huo, mimi na Malachy tulikuwa hatusemeshani. Wote wawili tulitaka kwenda Kanada, na mmoja wetu alipaswa kubaki na Mama. Akanizidi ujanja: akakata tiketi kwanza, akaniambia baadaye. Nilimchukia. Nalisema hivyo hivyo, nilimchukia kwa wiki tatu nzima. Usiku wa Samhain nilikuwa peke yangu jikoni, Mama amelala chumba cha nyuma na homa. Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu na foronya kichwani. Burura, burura, inua. Akakaa kwenye kiti chake mwenyewe. Alikuwa amekuja kupatana. Ningemtaja tu, angefunua uso, tungecheka, tungekunywa chai, na yangekwisha.

Nikamwambia: wewe ni mpeleka barua. Akatikisa kichwa. Nikamwambia: wewe ni padri. Akatikisa kichwa, na mabega yake yakacheka kidogo. Nikamwambia: wewe ni mtu ambaye hapa hana jina. Hilo lilikuwa la tatu.

Mabega yakaacha kucheka. Alikaa pale kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Kisha akainuka, akatoka mvuani.

Tulipata buti moja pembeni ya mashimo ya zamani. Polisi walitafuta siku tisa. Tiketi ilibaki kwenye droo. Watu wakasema aliondoka kimyakimya, vijana ndivyo walivyo, na mimi nikasema ndiyo, ndivyo walivyo.

Sasa alikuwa anatembea mbele yangu, akiwaongoza Waholanzi.

Mzee Hession ni kipofu, kwa hiyo yeye hukutaja kwa kukushika mkono. Karatasi yangu alikuwa ameifutia miwani ambayo haimsaidii kitu. Mke wa Tansey ndiye aliyemsomea majina asubuhi, naye aliyakumbuka yote.

"Mikono laini hii," alimwambia nesi mmoja wa Dublin. "Haijachimba hata kaburi la paka. Wewe nesi. Na huyu hapa… huyu anauma kucha, mama yako hakukupaka pilipili?" Wageni walicheka mpaka machozi. Nilikuwa nimeegemea mlango.

Akafika mwisho wa benchi. Akashika mkono wa yule wa saba.

Kicheko chake kikafa hapo hapo. Aliushika muda mrefu, akaupapasa kidole kwa kidole. Kisha akauweka chini taratibu, kama unavyoweka yai, akafuta kiganja chake kwenye suruali.

"Huyu simtaji," alisema.

Wa saba akainuka, akatoka. Mzee akaniita kwa kidole, nikainama. Pumzi yake ilikuwa na tumbaku na woga.

"Ni wa kwenu?"

Niligeuka nikatazama mlango.

"Attracta. Mkono ule umelowa mpaka kwenye mfupa. Ni wa kwenu?"

"Ndiyo."

"Anataka kutajwa na watu wake. Akitajwa atakaa, atakula, atakuwa amefika. Lakini akishakula hatoki peke yake. Lile shimo alilolala halipendi kukaa tupu."

"Na asipotajwa?"

"Atatembea. Mwakani tena, na mwaka ule mwingine. Hawachoki, ndiyo shida yao."

"Nifanyeje?"

"Mimi ni kipofu, binti yangu, si padri." Kisha akaongeza, taratibu zaidi: "Anaelekea wapi sasa hivi?"

Anaelekea nyumbani.

Na nyumbani yuko Mama, aliyeweka sahani ya Malachy mezani kila Samhain kwa miaka saba, ambaye angemtaja kabla hajafika kwenye kiti. Atamtaja, naye atamchukua.

Nilikimbia. Kandili ikazimika, sikujali. Nyuma yangu wageni walikimbia pia, wakipiga mayowe ya raha, magauni yamekunjwa mpaka magotini. Mbele kwenye giza nilikuwa nasikia mguu ule. Burura, burura… inua. Mimi nakimbia, yeye anatembea, na umbali ni ule ule.

Mlango wa nyumba yetu ulikuwa wazi.

Alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Mama alikuwa upande wa pili wa moto, shali mabegani, karatasi yangu mapajani. Wageni waliingia wakihema, wakajipanga kwenye benchi, wakafunika nyuso zao vizuri. Harufu ya mboji mbichi ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Mama, usiseme kitu," nikasema kwa sauti kubwa, sheria au si sheria. "Usimtaje. Tafadhali."

"Funga mlango," alisema. "Baridi inaingia."

Akasoma karatasi. Wim. Hanneke. Alisoma majina yote sita bila haraka, nyuso zikafunuliwa, mkate ukagawiwa. Kisha akavua miwani, akamtazama aliyekaa kwenye kiti.

"Wewe ni Cathal Tansey," alisema.

Kichwa kikatikisika. Nilishusha pumzi. Hajamjua, nikawaza. Macho yamezeeka, asante Mungu.

"Wewe ni fundi wa bomba, yule mwizi."

Kichwa kikatikisika. Tone… tone. Maji meusi yalitambaa kwenye sakafu mpaka karibu na viatu vya ndani vya Mama, na hakuisogeza miguu.

Kisha Mama akanigeukia.

"La tatu ni lako."

"Mama…"

"Nilimsikia, Attracta. Usiku ule. Nilisikia mguu wake unaingia, na nilikusikia wewe na majina yako matatu. Ukuta wa chumba kile ni mbao. Nikasema moyoni, acha wagombane, atamtaja akichoka kumtania. Nikageukia ukutani nikalala." Aliikunja karatasi mapajani. "Ningeweza kuita jina lake kutoka kitandani. Nilikuwa nasikia raha ya kitanda."

Miaka saba tumekunywa chai meza moja, kila mmoja na lake kifuani. Nililia. Manesi wa Dublin nao walikuwa wanafuta machozi, wakiamini ni sehemu ya matembezi.

"Akila hatoki peke yake," nilimnong'oneza Mama. "Mzee Hession amesema."

"Najua. Bibi yako aliniambia hayo kabla hujazaliwa. Mtaje."

"Sitaki akuchukue."

"Amekaa majini miaka saba akisubiri dada yake amwite. Mtaje mtoto wangu."

Nikasimama mbele yake. Foronya ilikuwa imegandana na uso, na pale penye mdomo kitambaa hakikupanda wala kushuka.

"Wewe ni Malachy," nikasema. "Wewe ni mdogo wangu Malachy."

Mikono ikapanda, ikafunua.

Alikuwa vilevile. Miaka ishirini na minne, hata kovu la kidevuni. Ila rangi ilikuwa imegeuka kahawia ya chai iliyokolea, na macho yalikuwa yamefumba. Akachukua mkate kwenye ile sahani, akala. Alitafuna polepole mpaka akaumaliza.

Kisha akainuka. Akanyoosha mkono.

Akaunyoosha kwangu.

Si kwa Mama. Kwangu mimi. Kiganja juu, kama tulivyokuwa tukivushana mitaro tukiwa wadogo. Nikaelewa kwamba hakuwa na hasira. Aliniita kama unavyomwita mtu mliyepanga kusafiri naye.

Nikaficha mikono yangu yote miwili mgongoni.

Sikuwaza. Nataka kusema niliwaza, lakini mikono ilikwenda yenyewe, na mwili wangu wote ukarudi nyuma mpaka ukagonga kabati, vikombe vikalia. Malachy alibaki amenyoosha mkono. Alikaa hivyo kidogo zaidi ya inavyotakiwa.

"Ngoja, mwanangu," alisema Mama. "Ngoja nivae viatu."

Taa ikatikisika. Mlango ukafunguka, upepo ukaingia, na nikasikia kokoto za uani. Burura, burura, inua… na kando yake hatua nyingine, ndogondogo, za haraka, za mtu anayejaribu kwenda sambamba.

Wageni walipiga makofi. Walisimama wote sita wakapiga makofi, Wim akapiga na mluzi. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Alikuwa bado kwenye kiti chake upande wa pili wa moto, shali mabegani, kichwa kimeinama kidogo.

Daktari aliandika moyo. Miaka sabini na minane, alisema, ni jambo la kawaida kabisa. Mke wa Tansey, aliyekuja kumwosha, hakusema ni la kawaida. Alinionyesha miguu yake. Tulimkuta na viatu vyake vya ndani, vikavu, lakini tulipovivua, miguu ilikuwa imelowa mpaka juu ya kifundo, na katikati ya vidole palikuwa na matope meusi. Tuliiosha mara tatu. Mzee Hession alipotaka kuja kuniambia kitu, nilifunga mlango.

Mwezi wa kumi na mbili ilinifikia barua ya Hanneke. Anashukuru. Anasema wamezunguka nchi nyingi kila Halloween na hawajawahi kuona jioni kama ile. Anamsalimu sana bibi aliyeigiza mama, na anauliza wale wawili walikwenda wapi walipotoka, maana walisubiri barabarani kuwapongeza na hawakuwaona. Mwishoni ameandika kwamba kilichomgusa zaidi ni mimi, pale nilipoficha mikono. Anasema mtu hawezi kufundishwa kuigiza vile, na anataka kujua nilikuwa nawaza nini wakati ule.

Barua iko mezani. Sijamjibu.